Bosi aongeze mshahara wa nini wakati LMIA ipo?

Dogo mmoja, mtoto wa shangazi yangu, kanitumia voisi ya dakika saba kutoka Ilula. Dakika tano za kwanza salamu na habari za msiba wa jirani, alafu mbili za mwisho ndo ishu yenyewe: kuna kishoka Dar anauza LMIA ya Kanada, yaani ile ruhusa ya bosi kuajiri mgeni, kwa dola elfu kumi na kitu, nusu unatanguliza nusu unamalizia viza ikitoka, kazi ni kuvuna nyanya. Dogo anataka kuuza pikipiki na kipande cha shamba. "Kaka si we uko hukohuko, hebu nichekie kama ni kweli."

Nikamwambia kwanza usitume hata mia. Ile LMIA anaiomba bosi, siyo mfanyakazi, ada yake ni dola 1,000 na bosi haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi, na kwa kazi za shamba kama hiyo ya nyanya hata hiyo ada imesamehewa. Kwa hiyo hiyo elfu kumi ni ya mfuko wa mtu. Dogo akaelewa, ila mi ndo sikulala vizuri, maana nikabaki najiuliza imekuwaje karatasi ya bosi kuomba ruhusa ya kuajiri mgeni ikageuka bidhaa yenye bei sokoni kama gunia la mchele? Mtu hawezi kununua kitu kisicho na thamani. Na hiyo thamani inatoka mahali fulani, kuna mtu anaikosa ili mwingine aipate. Huo mzunguko ndo nataka tuufungue hapa, maana huku Kanada watu wanagombana kuhusu "wafanyakazi wa muda kutoka nje" kila siku, wengine wanasema wanashusha mishahara, wengine wanasema bila wao hakuna nyanya, na wote wana kaukweli kao.

Tuanze na Ilula kwanza. Waliopita barabara ya Iringa wanapajua, nyanya zimepangwa pembeni ya lami mpaka unachoka kuangalia. Nilipokuwa kijana tulikuwa tunavuna kibarua kwa tenga, ukijaza tenga unahesabiwa. Asubuhi moja mwenye shamba anakwambia bei ni ileile ya jana, wakati huohuo upande wa pili wa mfereji jirani yake ana lori limeshafika kutoka Dar na nyanya zinaiva zote kwa pamoja, anapiga kelele anaongeza mia mbili kwa tenga. Unafanyaje? Unaruka mfereji. Mnaruka kumi. Na yule wa kwanza akiona mnaondoka naye anaongeza, au anaita wanawe na wake zao, au msimu unaofuata analima kitu kisichohitaji watu wengi hivo. Hakuna aliyesoma uchumi pale, ila mshahara unapanda kwa sababu kibarua ana miguu.

Sasa chukua hiyo picha uihamishie Leamington, Ontario, kamji kadogo pembeni ya Ziwa Erie, saa moja hivi kutoka Windsor, ambako katikati ya mji kuna kibanda cha watalii kimejengwa kwa umbo la nyanya, siwatanii. Kuanzia hapo kwenda nje ya mji ni grinihausi, vioo mpaka macho yanaishia, usiku taa zake zinafanya anga iwe ya pinki kama kuna moto. Ndani yake utakuta Wajamaika na Wameksiko wengi ambao wamekuja kwa mpango wa msimu ulioanza mwaka 1966 na Jamaika, Meksiko ikaingia 1974. Wanakaa mpaka miezi minane, wanaishi kwenye nyumba za bosi, wanarudi kwao, mwakani wanaitwa tena. Mpango huo ni wa Meksiko na visiwa vya Karibi tu, kwa hiyo dogo wangu hata kama kishoka angekuwa mkweli isingekuwa kwa njia hii. Kuna njia zingine za wafanyakazi wa muda ambazo mtu wa nchi yoyote anaweza kuingia, ila kitu kimoja zinafanana: kibali kimeandikwa jina la bosi. Ukiacha kazi kwa huyo bosi, kibali chako hakikuruhusu kufanya kazi kwa mwingine mpaka upate ruhusa mpya.

Mi niliwahi kufanya kazi kwenye pakihausi moja huku, baridi mbili. Nilikuja na karatasi za kudumu kwa hiyo nilikuwa huru. Mwaka wa pili nikaomba dola moja zaidi kwa saa, bosi akasema bajeti haipo, baada ya wiki mbili nikahamia kwa jirani ambaye alikuwa analipa dola moja na senti kadhaa juu. Yule mzee wa Jamaika tuliyekuwa tunapanga naye maboksi kwenye paleti, msimu wake wa kumi na nne pale, anafanya kazi kwa spidi mara mbili yangu, alibaki palepale kwa hela ileile. Aliponiaga aliniambia "wewe unaweza kutembea." Maana yeye akileta maneno, tatizo lake siyo kufukuzwa leo, ni kwamba mwakani bosi haandiki jina lake kwenye orodha. Mabosi wanaruhusiwa kuomba watu kwa majina. Miaka kumi na minne ya kuitwa jina, watoto wamesomeshwa kwa hiyo, atalianzisha?

Shika hapo kwanza, maana watu wengi wanaongelea idadi tu, wageni wangapi wameingia, kama vile soko la kazi ni ndoo na kila mgeni ni kikombe cha maji. Idadi ina maana yake, sikatai. Ila mi naona swali linalofungua mlango ni nani anaweza kuruka mfereji na nani hawezi.

Haya, LMIA inafanyaje kazi. Bosi anataka kuleta mtu, serikali inamwambia tuonyeshe kwamba umetafuta Mkanada au mkazi hujapata. Anaweka tangazo, kawaida wiki nne, kwa mshahara ambao serikali imeukubali, na mshahara huo kwa kawaida unapimwa kwa ule wa katikati wa kazi hiyo kwenye eneo hilo. Wa katikati maana yake ukiwapanga wafanyakazi wote wa kazi hiyo mstari mmoja kuanzia anayelipwa kidogo mpaka anayelipwa sana, yule aliyesimama katikati kabisa. Inaonekana haki, si ndio? Sasa ifikirie taratibu. Kama watu kweli ni wachache, yaani kama lori la Dar limefika na nyanya zinaoza, mshahara ulitakiwa upande juu ya hapo katikati. Ndo kazi ya bei, kupanda mpaka mtu atokee. Bosi akitangaza kwa bei ya jana hapati mtu, alafu anachukua ile "sijapata mtu" yake anaenda nayo serikalini kama ushahidi wa uhaba, anapewa ruhusa. Ni sawa na mtu aende sokoni na buku anataka kilo ya nyama, arudi nyumbani atangaze nchi nzima haina nyama.

Na mzunguko haujaisha, maana yule mgeni akishaajiriwa kwa ule mshahara wa katikati, mwakani naye anahesabiwa kwenye mstari. Mstari umejaa watu wa bei ya jana, na bei ya jana inakuwa bei ya kesho. Hakuna aliyekatwa mshahara, ukitafuta mtu aliyepunguziwa hela humuoni, ndo maana mabosi wanasema kwa ujasiri "sisi hatushushi mshahara wa mtu". Kweli, hawashushi, wameuzuia tu usipande. Mwaka 2012 serikali ilienda mbali zaidi ikaruhusu mabosi walipe mpaka asilimia 15 chini ya hapo katikati kwa kazi za ujuzi na asilimia 5 kwa zile za chini, kelele zikawa nyingi, 2013 wakaifuta. Watu wa hapa hawajaisahau.

Hili la kufungwa kwa bosi mmoja sisi watu wa pwani na Bara tunalijua kwa jina jingine. Kafala. Ukienda Oman au Dubai kuna kafili wako, yaani bosi anayekudhamini, dada zetu wengi wanayajua haya kuliko profesa yeyote. Sifananishi Leamington na nyumba ya mtu huko Uarabuni ambako simu na pasi vinafungiwa kabatini, Kanada kuna sheria na mahakama na tangu 2019 mfanyakazi anayenyanyaswa anaweza kuomba kibali cha wazi, ila Tomoya Obokata, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya utumwa wa kisasa, alipokuja kutembelea Kanada 2023 alisema wazi mipango hii ni mazalia ya utumwa wa kisasa, na alichonyooshea kidole ni hichohicho kibali cha bosi mmoja. Wakanada walikasirika sana. Hawajazoea kuwekwa sentensi moja na Ghuba.

Ghuba ndo imetupa kipimo kizuri kuliko vyote kwa hili swali. Kuanzia Januari 2011 Falme za Kiarabu zilibadilisha sheria, kwamba mfanyakazi mkataba wake ukiisha anaweza kwenda kwa bosi mwingine bila barua ya bosi wa zamani ya "sina pingamizi". Kabla ya hapo bila ile barua unarudi kwenu. Wachumi watatu, Suresh Naidu, Yaw Nyarko ambaye asili yake Ghana, na Shing-Yi Wang, wakalinganisha watu ambao mikataba yao iliisha kabla na baada ya ile tarehe. Watu walewale, kazi zilezile, nchi ileile. Walioisha mikataba baada ya mabadiliko kipato chao kilipanda kwa zaidi ya asilimia 10. Na cha kuchekesha, wengi hata hawakuhama, walibaki kwa mabosi walewale! Bosi akijua unaweza kuondoka anakuongezea ili usiondoke. Mguu haujanyanyuka hata, ila kwa sababu sasa upo, umelipwa. Ila walionyesha pia upande wa pili, kwamba mabosi wakikosa ile faida ya kumfunga mtu, hamu yao ya kuleta wapya inapungua na wapya wanaanza na kidogo zaidi. Hakuna dawa isiyo na uchungu.

Kwa hiyo kwenye mshahara mi msimamo wangu huu: mgeni aliye huru ni mshindani wa kawaida kama mtu mwingine yeyote, wakati mwingine anakushindania wakati mwingine anakuongezea kazi, maana naye anakula, anapanga nyumba, anakata nywele. Mgeni aliyefungwa ni kitu kingine, anampa bosi mtu ambaye jibu lake kwa kila kitu ni ndio. Na wanaoumia kwanza siyo wanasheria wa Toronto, ni waliosimama naye bega kwa bega: vijana wanaotafuta kazi ya kwanza, na sisi wabeba maboksi tuliofika miaka mitano iliyopita.

Tuje kwenye mashine sasa, maana hapa ndo utamu ulipo na ndo watu wanapochanganya zaidi.

Hoja ya kawaida inaenda hivi. Bosi ana njia mbili za kuzalisha zaidi, aongeze watu au anunue mashine. Tuseme kwa mfano wangu tu, una mgahawa Ontario, kuosha vyombo kwa mikono ni mtu mmoja wa kutwa, kima cha chini kuanzia Oktoba 2024 kilikuwa dola 17.20 kwa saa, saa 40, wiki 52, hiyo ni karibu dola 35,800 kwa mwaka kabla ya makato mengine. Mashine kubwa ya kuosha tuseme inakula elfu ishirini na inadumu miaka kadhaa. Mshahara ukipanda au mtu akiwa hapatikani, unanunua mashine. Mtu akipatikana kirahisi, kwa bei isiyopanda, na haachi kazi, unasema mashine tutaona mwakani. Mwakani haifiki. Sasa zidisha hiyo migahawa elfu, mashamba elfu, maghala elfu, una nchi nzima ambayo watu wanafanya kazi sana lakini kila mtu anazalisha kidogo, na mshahara kwa muda mrefu hauwezi kukimbia mbele ya kile mtu anachozalisha.

Ushahidi upo. Ethan Lewis aliangalia viwanda vya Marekani vya miaka ya 80 na 90, akakuta miji iliyopokea wahamiaji wengi wa ujuzi mdogo viwanda vyake vilinunua mitambo ya kujiendesha kwa kasi ndogo kuliko kwingine.

Ila kisa ninachokipenda mi ni cha nyanya, tena nyanya za California. Kuanzia 1942 Marekani na Meksiko walikuwa na mpango wa vibarua wa mkataba, wakiitwa braceros, kwa sababu vita ilikuwa imechukua wanaume mashambani. Vita ikaisha, mpango ukabaki, miaka ya 50 kuna mwaka walivuka zaidi ya laki nne. Serikali ya Marekani ikaamua kuwafunga mlango kwa hoja hiihii tunayoisikia leo, kwamba wakiondoka Wamarekani watalipwa vizuri mashambani. Mwisho wa 1964 mpango ukafa. Wakulima wa nyanya wakalia kwamba bila braceros tasnia imekufa.

Haikufa. Chuo cha Davis kulikuwa na mabwana wawili, Jack Hanna wa mbegu na Coby Lorenzen wa mitambo, miaka mingi wanahangaika watu wanawacheka, mmoja anatengeneza mashine ya kuvuna nyanya na mwingine anatengeneza nyanya ya kuvumilia mashine, ngumu, zinazoiva kwa pamoja, maana nyanya ya kawaida ukiiweka kwenye mashine unapata supu. Mashine ilishakuwepo kabla ya mpango kufa ila nani ainunue wakati vibarua wapo? Mlango ulipofungwa, ndani ya miaka michache tu, kufika mwisho wa miaka ya 60, nyanya za kiwandani California karibu zote zinavunwa na mashine. Sawasawa kabisa na ile hoja, siyo? Kazi ya bei rahisi ilikuwa imeilaza mashine, ilipoondoka mashine ikaamka.

Ngoja. Sasa mshahara wa vibarua Wamarekani ulipanda kiasi gani? Michael Clemens, huyohuyo Lewis na Hannah Postel walienda kuchimba takwimu za jimbo kwa jimbo wakachapisha 2018. Majimbo yaliyokuwa yanategemea braceros sana na yaliyokuwa hayana hata mmoja, mishahara ya shambani ilienda mwendo mmoja. Hakuna tofauti ya kuonekana. Kwanini? Kwa sababu ya ileile mashine! Mkulima hakuwapandishia Wamarekani mshahara ili waje, alibadilisha namna ya kulima. Na kwa mazao yasiyo na mashine, kama asparaga na stroberi, alipunguza kulima. Kwa hiyo yule aliyeahidiwa mshahara aliukuta mtambo umekaa kwenye nafasi yake. Hapo ndo hoja ya "wafukuzeni wageni mishahara ipande" inapokwama, na hoja ya "bila wageni tutakufa njaa" nayo inakwama hapohapo. Ketchapu iliendelea kuwepo.

Sasa rudi Leamington uone mambo yanavyozidi kuchanganya. Ukiingia ndani ya grinihausi ya kisasa unajiona uko kwenye chombo cha anga. Mabomba ya maji ya moto yanapita sakafuni kati ya mistari, na mabomba hayohayo ndo reli, kigari cha mvunaji kinatembea juu yake. Miche imening'inizwa kwa kamba kutoka juu kabisa, inakua inashushwa inalazwa pembeni inakua tena. Kompyuta inapima joto, unyevu, hewa ya ukaa wanayoipuliza ndani ili mmea ushibe. Kuna maboksi ya nyuki wa kuchavusha. Ekari moja ya kitu hiki ni hela ndefu mno. Alafu mwisho wa yote hayo, anayeshika tawi la nyanya akalikata na kuliweka kwenye kreti bila kulichubua ni mzee wa Jamaika. Utasema wageni wameua uwekezaji hapo? Vile vioo visingejengwa kabisa kama hakuna uhakika wa mikono. Mikono na vioo vimekuja pamoja.

Hii nayo ina ushahidi. Marekani kuna viza ya vibarua wa msimu wasio wa shamba, H-2B, ina kikomo cha 66,000 kwa mwaka na waombaji wanazidi, kwa hiyo wanachezesha bahati nasibu. Clemens na Lewis wakaona hii ni zawadi kwa mtafiti, wakafuatilia kampuni zilizoshinda na zilizokosa mwaka 2021. Zilizoshinda zilizalisha zaidi, na Wamarekani wao hawakupunguzwa. Uswisi nako walipowafungulia wafanyakazi wa mpakani wanaokuja asubuhi wakirudi jioni kwao, utafiti uliotoka 2021 ulikuta kampuni zilikua na mishahara ya wenyeji haikushuka, wale wenye elimu kubwa ikapanda kabisa. Na kumbuka wale wa mpakani siyo watu wa kufungiwa nyumba ya bosi, wana kwao, na Uswisi ilishawaondolea vizuizi. Miguu tena.

Mi nimekuja kuelewa hivi: kuna kuwekeza kwa kutanuka na kuna kuwekeza kwa kunoa. Kutanuka ni kujenga grinihausi ya pili iliyo sawa na ya kwanza, ukaweka watu arobaini wengine. Kunoa ni kuifanya ile ya kwanza itoe mara mbili kwa watu walewale. Kazi ya muda inasaidia sana ya kwanza na inalaza ya pili. Ndo maana watu wawili wanaweza kuangalia kampuni moja, mmoja aseme inawekeza sana mwingine aseme haiwekezi, na wote wasiwe waongo.

Sasa Kanada yenyewe ilifanyaje. Aprili 2022, baada ya korona, mabosi wanalia hawana watu, serikali ikalegeza: sehemu ya wafanyakazi wa mshahara mdogo ambao kampuni inaweza kuwaleta ikapanda kutoka asilimia 10 hadi 20, na sekta kadhaa 30. Ile sheria ya kukataa maombi ya mahoteli na maduka kwenye maeneo yenye ukosefu wa kazi kuanzia asilimia 6 ikaondolewa. Nafasi zilizoidhinishwa kwa mwaka zikafika karibu 240,000 mwaka 2023, wakati 2018 zilikuwa karibu 109,000. Hapohapo wanafunzi wa nje nao wakaachiwa kufanya kazi saa bila kikomo kuanzia mwisho wa 2022. Watu wengi wanawachanganya hawa wote, ila LMIA ni sehemu ndogo tu, wakaazi wa muda wa aina zote walivuka milioni 3 Oktoba 2024, zaidi ya asilimia 7 ya watu wote, na humo kuna wanafunzi, waomba hifadhi na wenye vibali visivyohitaji LMIA kabisa.

Alafu uchumi ukapoa na mlango bado uko wazi. Majira ya joto 2024 ukosefu wa kazi kwa vijana wa miaka 15 hadi 24 ukapita asilimia 14. Mtoto mkubwa wa rafiki yangu alipeleka sivii kwenye vituo vya mafuta, migahawa, kila mahali, akaishia kumsaidia baba yake kuosha lori. Machi ya mwaka huohuo Carolyn Rogers, naibu gavana mwandamizi wa benki kuu, alisimama Halifax akasema kiwango cha mtu mmoja kuzalisha kimekuwa kibovu mpaka ni wakati wa kuvunja kile kioo cha dharura. Haki lazima itendeke hapa, uwekezaji wa mitambo Kanada ulianza kudorora tangu bei ya mafuta ilipoanguka 2014, wageni hawakuuanzisha huo ugonjwa. Ila kumpa mgonjwa panadoli kila siku kunamfanya asiende hospitali.

Septemba 2024 wakarudisha asilimia 10, wakarudisha ile sheria ya asilimia 6 kwa miji mikubwa, kibali cha mshahara mdogo kikawa mwaka mmoja. Novemba mpaka wa "mshahara mkubwa", ambao chini yake unahesabiwa mshahara mdogo, ukapandishwa hadi asilimia 20 juu ya ule wa katikati wa jimbo, Ontario ukatoka dola 28.39 hadi 34.07 kwa saa. Mashamba yakaachwa, bila shaka, nyanya hazisubiri. Na Machi 2025 wakaondoa zile pointi 50 ambazo ofa ya kazi yenye LMIA ilikuwa inampa mtu kwenye maombi ya ukaazi wa kudumu. Hiyo ya mwisho ndo inamhusu kishoka wa dogo. Pointi 50 zilikuwa zinaweza kumtoa mtu kwenye kibali cha kufungwa akapata karatasi za kudumu, yaani miguu. Hicho ndo kilikuwa kinauzwa! Mabosi wasio waaminifu waligundua wana kitu cha thamani kuliko nyanya, ruhusa yenyewe, na wakawauzia haohao waliofungwa.

Singapore wao walilitazama hilo la ruhusa kuwa na thamani wakasema basi serikali iichukue yenyewe. Kwa kila mfanyakazi wa kibali bosi analipa tozo ya mwezi, na kwenye ujenzi asiye na ujuzi analipiwa zaidi kuliko mwenye ujuzi. 2010 waliweka lengo la kukuza tija kwa asilimia 2 hadi 3 kila mwaka na tozo zikapandishwa ili mabosi wasikie uchungu wakanunue mashine. Kwa mashine ni akili. Kwa mfanyakazi, hela ya kufungwa kwake imetoka mfuko wa bosi ikaenda hazina, yeye bado hajaiona.

Ningekuwa naulizwa mimi, ningeanza na kibali cha sekta, kwamba yule mzee wa Jamaika aje kwa kazi ya grinihausi, grinihausi yoyote ile ya Ontario, siyo ya bwana fulani. Idadi ibaki ileile hata. Uone kama lile dola moja halitatokea kwenye bajeti.

Dogo jana kanipigia tena, hajatuma hela, pikipiki bado ipo. Anasema msimu huu vibarua Ilula wamekuwa wagumu, wenye mashamba wanaongezeana bei kwa tenga mpaka mmoja kaenda Iringa mjini kuulizia pampu ya kumwagilia ili apunguze watu wa ndoo. Alikuwa analalamika, maana na yeye safari hii kalima robo eka.